Pini tatu za skafu: nilivyomlaumu kijana aliyepigwa Bwera

Wakuu, nawasalimu wote, wa mchana na wa zamu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Nacheka na nyuzi zenu, nachukua ushauri wa betri za gari, napita. Leo naandika mwenyewe na sitaongeza chumvi. Mahali mtakapoona nimejipaka matope, jueni matope yalikuwa yangu.

Kilichonitoa mafichoni ni ule uzi wa juzi wa kijana aliyepigwa sokoni kwa sababu ya namna anavyotembea. Nimesoma comment zote. Wengi mmeandika neno moja: "alijitakia". Nilifunga simu, nikanywa chai, nikafungua tena, nikakuta mmeongeza mengine.

Hilo neno nalijua vizuri. Majina nitayabadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea mwaka jana.

Kwanza mimi ni nani. Kwetu ni Kenya, upande wa Bungoma, lakini baba alikuja Kasese, hapa Uganda, kwa kazi ya saruji nikiwa darasa la pili. Nami nikaishia humo humo kwenye saruji, upande wa umeme. Watoto wangu wanaongea Lhukonzo, lugha ya wenyeji wa huku, kunishinda na wananicheka nikijaribu.

Wikendi mimi ni mwalimu wa kwaya. Kanisa letu ni dogo, liko karibu na kambi, la watu wa kuja: wanajeshi na polisi na wake zao, sisi wa kiwandani, na wajukuu wa wale waliokuja Kilembe kuchimba shaba. Tunasali kwa Kiswahili kwa sababu hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Ni Kiswahili ambacho mwalimu wenu wa shule angelia, lakini tunaelewana, na naamini Mungu naye anaelewa.

Sasa, kwaya ya kanisa la kambini ina ugonjwa wake. Ugonjwa huo unaitwa transfa.

Unafundisha wimbo miezi mitatu. Sauti zimekaa, akina mama wameshika noti, wewe mwenyewe unasikia mwili unasisimka. Halafu amri inatoka juu, kikosi kinahamishwa, na ndani ya siku mbili unaona lori limebeba magodoro, masufuria, kuku na sauti yako yote ya pili.

Sitanii. Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mashindano ya kwaya kule Bwera, mpakani na Kongo, sauti ya pili ilipanda lori ikaenda kaskazini. Walikuwa akina mama tisa. Walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote.

Kwa wasiojua kwaya: sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Ukiondoa ya pili wimbo unabaki na shimo katikati, na majaji wa mashindano husikia shimo kabla hawajasikia wimbo.

Nilikuwa na kijana mmoja kwenye sauti ya tatu. Nitamwita Okello. Miaka ishirini na minne, mtoto wa sajini mmoja wa kambini, fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Kanisa lilimpa nafasi nyuma ya jengo akajenga karakana yake ya mabati, naye akatulipa kwa kututengenezea madirisha.

Mtu mpole. Anacheka kwa kujificha mdomo. Akitembea ana namna yake, siwezi kuieleza na sioni kwa nini nieleze. Na sauti yake, wakuu, inapanda. Inapanda bila kukwaruza, mahali ambapo wanaume wengine wanaanza kukohoa.

Nikamwambia: Okello, utaimba sauti ya pili.

Akanitazama kama nimemwambia abebe mtambo wa kiwanda.

"Mwalimu, hapana. Mimi siwezi. Watu itasema."

"Nani aseme? Mwalimu ni mimi."

"Wewe iko mwalimu ya wimbo. Huko inje wewe si mwalimu."

Mnaona? Alisema mapema. Alijua. Mimi nikamwambia kazi ya Mungu haina aibu, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mwalimu wa kwaya huyasema akitaka kitu chake. Akakubali, maana ni mtu ambaye ukimwomba mara tatu anakuonea huruma.

Halafu nikaongeza kosa la pili.

Sare yetu ni hivi: akina mama wanavaa skafu ya manjano inayozunguka shingo na kushuka kifuani, wanaume wanavaa tai. Katika mashindano kuna alama za sare. Nikitazama ule mstari wa pili naona manjano, tai, manjano. Macho yanagonga tai. Nikasema hapana, mstari lazima uwe sawa. Okello naye avae skafu.

Hapo hata hakubisha. Alinyamaza tu. Na mimi nikauchukulia ule ukimya kuwa ndiyo.

Skafu ni ya kitambaa cha kuteleza, shingo ya mwanaume ni nene, ikawa inashuka. Asubuhi ya mashindano, kwenye uwanja wa shule kule Bwera, nikamsimamisha nyuma ya basi tulilokodi nikamfunga mwenyewe. Nikaikaza na pini tatu kwa nyuma, chini ya kola ya shati, zile pini za kufunga nepi. Nikampiga bega. Nikawatangazia wote kwa sauti: asivue mtu sare mpaka matokeo yasomwe.

Hiyo sentensi ikumbukeni, nitairudia.

Tuliimba. Wakuu, tuliimba. Ule wimbo wa kwanza ulijaa, shimo halikuwepo. Majaji waliacha kuandika wakasikiliza. Ndiyo, kulikuwa na kicheko upande wa vijana waliosimama ukutani, na simu zilikuwa juu zinarekodi. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nilisikia kicheko nikadhani ni furaha. Au nilitaka kudhani hivyo.

Ikatangazwa mapumziko ya chakula. Wimbo wa pili tungeitwa baadaye.

Saa nane na nusu mchana, jua linawaka, naambiwa tujiandae na Okello hayupo. Nikaanza kuchemka. Nikatoka getini kumtafuta upande wa soko, na njiani nilikuwa napanga maneno makali ya kumwambia.

Nilimkuta chini ya meza ya samaki.

Meza ilikuwa ya mama mmoja Mkongo, Mama Kavira, anayeuza samaki wa kukausha wanaotoka Katunguru. Okello alikuwa ameketi juu ya gunia, amefumba macho, mdomo umevimba, damu imeshuka kwenye shati jeupe hadi kiunoni. Mkono wa kulia ameulaza mapajani na ulikuwa umekaa vibaya. Na ile skafu bado ilikuwa shingoni, nusu yake si ya manjano tena.

Mama Kavira ndiye aliyenieleza.

"Beko bane! Bane juu ya mutu moya! Mutoto amekuya kununua mayi, banamuuliza, weye ni bibi ya nani? Banamuvuta hii kitambaa ya shingo kama kamba ya mbuzi. Mimi nikasema muache mutoto ya batu, amewaibia nini? Hapana sikia. Nikabamwangia mayi ya samaki, beseni muzima!"

Wanne walimpiga mchana, sokoni, mbele ya watu wengi, na aliyewakimbiza ni mama mmoja na beseni la maji ya samaki. Waliondoka wananuka, kwa maneno yake, na huo ndio ushahidi pekee uliowahi kukusanywa dhidi yao.

Alikuwa amempa Okello maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe. Alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. "Pole, baba. Kunywa polepole. Pole." Hakumuuliza kitu.

Sasa nije kwangu.

Nilipiga magoti mbele ya yule kijana, nikamtazama, na maneno ya kwanza yaliyotoka mdomoni mwangu, nayaandika kama yalivyokuwa:

"Lakini na wewe, kwa nini ulitoka huku na skafu? Kwa nini hukuvua?"

Hayo ndiyo niliyomwambia mtu aliyevunjika mkono.

Okello hakuweza kusema, mdomo ulikuwa haufunguki vizuri. Aliinua mkono wa kushoto akaupeleka nyuma ya shingo, akagusagusa, akaushusha. Nikadhani ananionyesha panapouma.

Na niseme yote: wazo langu la pili lilikuwa wimbo wa pili tutauimbaje.

Mama Kavira alinitazama kwa muda. Akauliza, "Weye ni baba yake?" Nikasema hapana, ni mwalimu wake. Akasema "Aah," akarudi kupepea.

Wimbo wa pili hatukuuimba; tulimpeleka kwenye kliniki moja pale Bwera. Muuguzi alikuwa binti mdogo wa Kikonzo, mwepesi wa mikono. Akataka kuondoa ile skafu aoshe shingo. Akavuta, haitoki. Akajaribu kuipitisha kichwani, Okello akapiga kelele. Akachukua mkasi, akaikata mbele, kisha akamgeuza polepole na kutazama nyuma.

Pini ya kwanza ilikuwa imefunguka na kuingia nyamani. Ya pili imepinda. Ya tatu ilikuwa bado imefungwa, safi kabisa, kama nilivyoiacha.

"Nani alifunga hii?" akauliza. "Mtu hawezi kufungua mwenyewe hii. Iko nyuma kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Ndipo nikaelewa ule mkono wa kushoto ulikuwa unanionyesha nini.

Alikuwa amejaribu kuvua. Alipowaona wale vijana wanamfuata alijaribu kuvua, ikashindikana, kwa sababu ya pini zangu. Na hata angeweza, mwalimu alikuwa amesema asivue mtu sare mpaka matokeo yasomwe.

Naendelea, samahani, niliitwa kazini kidogo.

Mkuu mmoja hapo chini ameuliza kwa nini hatukwenda kuripoti. Swali zuri. Jibu ni kwamba tuliogopa. Sheria za huku juu ya mambo haya ya mwanaume na mwanaume mnazisikia. Ukienda kusema "wamenipiga wakiniita hivi", unaweza kujikuta wewe ndiye unayeulizwa kama ni kweli uko hivyo. Okello alikataa kwa kichwa. Mimi nilifurahi alivyokataa, kwa sababu huko lazima wangeuliza nani alimvalisha.

Turudi Kasese. Video ilifika kabla yetu.

Ni ya dakika moja na kidogo. Inamwonyesha Okello katikati ya akina mama, skafu imekaa vizuri, macho kafumba anaimba. Mtu ameweka juu yake vichekesho na kicheko. Ilizunguka kambini, ikazunguka kiwandani, ikamfikia baba yake kwenye simu ya mkubwa wake wa kazi. Hebu fikirieni hilo peke yake.

Kamati ya kanisa ikaitisha kikao cha waumini, Jumamosi saa kumi. Ajenda zilikuwa mbili: Okello atolewe kwenye kwaya, na karakana yake iondolewe kwenye kiwanja cha kanisa. Baba yake, tumwite Afande, alishamtumia mtoto ujumbe: kanisa likikufukuza, kwangu usikanyage.

Kwa hiyo kazi yake, kwaya yake na mlango wa baba yake vyote viliwekwa kwenye meza moja. Yeye mwenyewe hakuja. Alikuwa chumbani kwake Kilembe, kwenye zile nyumba za zamani za mgodi, mkono umefungwa plasta.

Tulikuwa kama watu thelathini. Mwenyekiti, mzee wangu wa kiwandani ninayemheshimu mpaka leo, akacheza video kwa sauti kubwa.

"Tazameni wenyewe. Mwanaume mzima. Na skafu. Amesimama na mama zake. Sasa mtu kama huyu akipigwa tumlaumu nani?"

Wakaanza. Mmoja alisema vijana wa siku hizi hawajiheshimu. Mwingine kwamba alionywa tangu zamani juu ya mwendo wake. Mama mmoja, tena mtu mzuri aliyempelekea uji chumbani kwake, akasema kwa huruma kabisa, "Angevaa tu kama wenzake, hii yote haingetokea." Na Afande, amesimama mgongo wima kama yuko gwarideni:

"Mimi nimefundisha yeye kutembea. Kushoto, kulia. Yeye imekataa. Basi. Mutu anatafuta, anapata."

Sauti yake ilikuwa kavu lakini kofia aliyoshika ilikuwa inazunguka mikononi haikomi.

Kikao kilichukua zaidi ya saa mbili. Wakuu, katika muda wote huo hakuna hata mtu mmoja aliyewataja wale wanne. Hakuna aliyeuliza ni akina nani, wako wapi, nani amewatuma, mama zao wanajua? Kama mtu angeingia ghafla angedhani Okello aliteleza akaanguka mwenyewe juu ya ngumi.

Na kwenye ile video kuna mtu mwingine. Kuna mgongo. Mgongo wa mwanaume mwenye koti la bluu, anarusha mikono, anaonekana mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeuliza huyo ni nani. Walikuwa wanautazama mgongo wangu na mimi nimekaa nao kwenye benchi.

Siwezi kusema ni ujasiri ulionisimamisha. Nilikumbuka ile pini ya tatu, ile safi, nikajikuta nimesimama.

Nikasema: ni mimi. Nilimweka pale kwa sababu sauti ya pili ilihama. Alikataa nikamlazimisha. Skafu nilimfunga mimi, na pini nyuma, na nikakataza kuvua. Nikaeleza na muuguzi alivyokata.

Halafu nikaona nyuso zinaanza kulegea, nikaona naweza kummalizia Okello kesi yake yote, nikaongeza: "Na kijana huyu namfahamu. Nawahakikishia, si mtu wa mambo hayo. Ni kijana safi."

Makofi, wakuu. Makofi! Mwenyekiti akafuta jasho, akasema tumshukuru Mungu, kumbe ni kutoelewana tu. Karakana ibaki. Kwaya arudi akipona. Afande akanishika mkono kwa mikono miwili, mtu ambaye hajawahi kunisalimia zaidi ya kutikisa kichwa. Nilirudi nyumbani natembea juu ya ardhi kidogo. Nikamwambia mke wangu, leo nimeokoa mtu.

Jumatatu baada ya kazi nikapanda Kilembe kumpa Okello habari. Mto Nyamwamba ulikuwa umetulia siku hiyo, mawe yake makubwa yamelala kama hayajawahi kubeba nyumba za watu wakati wa mafuriko. Nilimkuta nje mlangoni, anafua shati kwa mkono mmoja. Nikataka kumsaidia, akakataa.

Habari alikuwa nazo tayari. Aliniwekea stuli. Uvimbe wa mdomo ulikuwa umeshuka na aliongea polepole.

"Mwalimu, asante juu ya karakana. Asante kwa kusema ile maneno ya pini. Hiyo ilikuwa ngumu kwako, mimi najua."

Nikasema si kitu.

"Lakini ile ingine. Wewe ilisema mimi si mutu ya hiyo mambo. Wewe iliniuliza?"

Hakungoja jibu.

"Hapana uliza. Hata siku moja. Sasa mimi nauliza wewe. Kama mimi ni mutu ya hiyo mambo," akainua ile plasta kidogo, "huu mkono ilivunjwa sawa?"

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno. Nafundisha kwaya, nimewahi kusimamia harusi, napatanisha watu kazini. Pale nilitazama tu lile beseni la kufulia.

Kwa sababu ndicho nilichokuwa nimesema. Nilisimama mbele ya watu thelathini nikawaambia wamekosea mtu. Kwamba kipigo kilikuwa halali, ila anwani ndiyo ilikosewa. Na ndiyo maana walipiga makofi: hakuna aliyetakiwa kubadilisha chochote. Kijana mwingine akipigwa kesho, ambaye hana mwalimu wa kumhakikishia, mikono yangu imo.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa wewe ni...?"

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hiyo ni yangu, Mwalimu. Nilikuwa nayo kabla ya skafu, na nitabaki nayo."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Sema tu, Okello alipigwa. Halafu simama hapo. Usiweke 'lakini', usiweke 'yeye ni safi'. Alipigwa. Ile ya kupiga ndiyo mubaya."

Nikamweleza ukweli: nikirudi kusema hivyo, nikiondoa ule uhakikisho, karakana watakufungia. Na baba yako naye atakufungia mlango.

Alikamua shati kwa kulikanyaga kwa mguu na kulisokota kwa mkono mmoja.

"Karakana ni mabati," akasema. "Mimi ni fundi ya mabati."

Sitaki mnione shujaa. Nilichukua Jumapili mbili kabla sijasema. Ya kwanza nilijiambia mahubiri yamekuwa marefu. Ya pili, wakati wa matangazo, nikaenda mbele.

Nikasema nilichosema kwenye kikao kilikuwa na uongo ndani yake. Kwamba sijui Okello ni mtu wa namna gani katika mambo yake na si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba alipigwa na watu wanne mchana kweupe, na waliofanya kosa ni wale wanne. Kwamba neno langu la kwanza kwake lilikuwa la kumlaumu, na naomba msamaha wake mbele ya kanisa. Nikaketi.

Safari hii hapakuwa na makofi. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akaendelea na tangazo la usafi wa kiwanja.

Barua zilikuja wiki ile ile. Moja yangu, kwamba nipumzike kufundisha kwaya. Moja ya Okello, kwamba eneo la nyuma linahitajika kwa matumizi mengine. Mpaka leo limeota majani.

Siku ya kuhama karakana nilikwenda kusaidia. Mashine ya kuchomelea ni nzito, Okello na mkono wake mmoja hawezi, mimi na mgongo wangu siwezi peke yangu. Tumesimama tunaitazama, akatokea Afande. Amevaa nguo za kiraia, wala hakusalimia mtu. Akashika upande wa pili wa mashine.

"Kamata vizuri," akaniambia mimi. "Hapana angusha."

Tukaipandisha kwenye gari. Akafunga kamba mwenyewe, fundo la kijeshi, akalijaribu mara mbili. Kisha akatazama plasta ya mtoto wake, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama plasta, akaondoka. Siwezi kuwaambia wamepatana, maana sijui. Nawaambia tu mashine haikuanguka.

Mnajua Okello alihamia wapi?

Bwera. Sokoni. Hatua chache kutoka kwenye meza ya Mama Kavira.

Nilipokwenda kumwona, miezi minne baadaye, nilimkuta anamtengenezea yule mama banda la chuma lenye mlango wa kufuli. Mkono umepona lakini haukunyooka, vidole viwili havifungi vizuri, amejifunza kushika kwa kushoto. Mama Kavira alinitambua. Akanipa samaki, akanitania, "Mwalimu, leo hujaleta kitambaa?" Nilicheka, na iliuma.

Nikamuuliza Okello kile ambacho nyinyi pia mngeuliza. Huogopi? Si ndipo walipokupigia hapa? Wale wanne si bado wako?

"Bado iko. Mmoja napita naye karibu kila siku. Naogopa, ndiyo." Akavuta miwani yake ya kuchomelea usoni. "Lakini hapa, nikipigwa, kuna mutu mmoja ilisema muache. Kule kanisani mulikuwa thelathini."

Akawasha mashine, cheche zikaruka, nikageuza uso pembeni.

Ndiyo hiyo, wakuu.

Kuna watakaosema kila mtu abebe wajibu wake. Nakubali, mia kwa mia. Ila nimechoka kuona wajibu unagawiwa kwa yule anayetoka damu peke yake. Wale wanne wana wao na hakuna aliyewapelekea. Mimi wangu nimechelewa kuubeba na bado unaniuma begani.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukimkuta mtu amepigwa, neno lako la kwanza ndilo litakaa naye, na huenda mkono wake unakuonyesha pini ambazo huzioni. Mama Kavira alisema pole, kunywa maji. Haikumgharimu kitu na hakuhitaji kumjua ni nani.

Ile pini ya tatu ninayo. Imo kwenye kisanduku cha vifaa vyangu vya umeme. Sijui naiwekea nini.

Sasa uwanja ni wenu, nitasoma zote, hata za kunitukana. Ila wewe ambaye umeshaanza kuandika "lakini na yeye", subiri kidogo. Hayo maneno nilikutangulia kuyasema mimi, nimepiga magoti mbele yake chini ya meza ya samaki, na alikuwa bado anatoka damu.